Goti lililochanika ligamenti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niliumia goti la kulia bila kuguswa na mtu. Nilikuwa nakimbia, nikataka kugeuka ghafla, mguu ukabaki chini na mwili ukaenda. Ligamenti ya goti ilikatika, na baadaye nilipasuliwa. Tangu siku hiyo nimekutana na watu wengi wenye magongo mkononi, na wanayoniuliza ni yaleyale niliyomuuliza mtaalamu wangu wa fiziotherapia mpaka akanizoea. Nimeyakusanya hapa. Hayachukui nafasi ya mtu atakayelishika goti lako kwa mikono yake, ila yatakufanya uingie kwake ukijua cha kuuliza.

Nitajuaje kama ligamenti imechanika au nimeteguka tu?

Anza na lile lililotokea dakika ile. Kama ulisikia mlio ndani ya goti, kisha likavimba ndani ya saa moja au mbili, shuku ligamenti ya mbele. Uvimbe wa haraka namna hiyo kwa kawaida ni damu, na ligamenti hiyo ikikatika humwaga damu ndani ya goti. Uvimbe unaojitokeza taratibu, ukaamka nao kesho yake, mara nyingi ni maji ya goti lenyewe, na hapo huenda tatizo likawa meniskasi (kipande cha gegedu ndani ya goti) au mteguko mdogo.

Dalili nyingine ni goti kuachia. Unatembea vizuri kwenye njia iliyonyooka, unageuka kumtazama aliyekuita, goti linakimbia upande wake.

Usipime kwa maumivu peke yake. Ligamenti iliyochanika nusu inaweza kuuma kuliko iliyokatika kabisa, kwa sababu ile iliyobaki bado inavutwa. Mimi nilitoka uwanjani kwa miguu yangu na jioni nilikuwa nawaambia watu kwamba wiki ijayo nacheza.

Ligamenti, kano, mshipa: si kitu kimoja?

Kwa mazungumzo ya kila siku, vyote ni "mshipa". Kwa daktari ni vitu tofauti. Mshipa hupitisha damu. Kano huunga msuli na mfupa. Ligamenti huunga mfupa na mfupa, na kazi yake ni kuzuia mifupa isitoke kwenye mwenendo wake.

Goti lina ligamenti kubwa nne. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Mbili ziko katikati kabisa ya goti, zimepishana kama alama ya kuzidisha: ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ndiyo ile ambayo kwenye vyeti vya hospitali na kwa watangazaji wa mpira huitwa ACL. Ina urefu wa takriban sentimita 3 tu, lakini ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na usizunguke kupita kiasi.

Kati ya mfupa wa paja na wa muundi kuna meniskasi mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga. Hizi si ligamenti, lakini huumia pamoja nazo mara nyingi sana, kwa hiyo usishangae cheti chako kikizitaja.

Siku za mwanzo nifanye nini?

Pumzisha goti, lakini usilifunge kama mzigo. Inua mguu juu kuliko usawa wa moyo ukiwa umelala. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu haiponyi ligamenti, inatuliza maumivu tu, na hiyo inatosha. Funga bendeji ya kuvutika bila kukaza hadi vidole vife ganzi.

Maji ya moto, kuchua na kuvutwa mguu viache kabisa siku hizi za mwanzo. Damu bado inatoka ndani. Ukiongeza joto na kusugua, unaongeza uvimbe. Anayekuahidi "kurudisha mshipa mahali pake" kwa kuvuta hawezi kuunga kilichokatika, na akivuta vibaya anaweza kuharibu kilichobaki.

Halafu kuna mto. Karibu kila mgonjwa huweka mto chini ya goti kwa sababu goti lililopinda kidogo haliumi sana. Utamu huo wa usiku mmoja utaulipia miezi. Goti linazoea kupinda, na kulinyoosha tena inakuwa vita. Ukitaka kuweka mto, uweke chini ya kisigino.

Lini ni lazima niende hospitali bila kusubiri?

Nenda siku hiyohiyo kama huwezi kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kama goti halikunjiki kufika nyuzi 90. Kama pia ya goti au kile kifundo cha mfupa upande wa nje chini kidogo ya goti kinauma ukikibonyeza. Au kama una miaka 55 na zaidi. Madaktari hutumia vigezo hivi kuamua nani apigwe picha ya eksirei kutafuta mfupa uliovunjika.

Nenda upesi zaidi kama goti lilitoka kabisa mahali pake, hata kama lilirudi lenyewe, au kama mguu ni wa baridi, umepauka, au huwezi kuinua unyayo juu. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukiumia, zinahesabiwa saa, si siku.

Goti lililokwama, yaani halinyooki hata ukilazimisha, nalo linahitaji kuonwa mapema. Kipande cha meniskasi kinaweza kuwa kimejikunja na kuzuia kama kabari kwenye mlango.

Lazima nifanye MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku?

Si kwa kila mtu. Mikono yenye uzoefu inajua mengi. Daktari atakunja goti kidogo, nyuzi 20 hadi 30, atashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, kisha avute muundi mbele. Goti zima hugota, kama kamba iliyofika mwisho. Lililokatika huteleza bila kugota. Nilipofanyiwa niliuhisi ule mteremko mwenyewe, na sikuhitaji kuambiwa kitu.

MRI inafaa kuona meniskasi, gegedu na ligamenti nyingine, hasa kama upasuaji unafikiriwa. Eksirei haionyeshi ligamenti. Ukiambiwa "picha iko safi", maana yake mfupa haujavunjika, basi.

Kidokezo kimoja: goti lililovimba na kukakamaa kwa maumivu siku ya kwanza mara nyingi halipimiki vizuri. Omba lipimwe tena baada ya wiki moja au mbili.

Ni lazima nipasuliwe?

Inategemea ni ligamenti ipi na unataka kuishi vipi.

Ya pembeni upande wa ndani hupona yenyewe mara nyingi, kwa sababu iko nje ya maji ya goti na inapata damu ya kutosha. Jeraha dogo huchukua wiki 1 hadi 3, la kati kama wiki 4 hadi 6, na iliyochanika kabisa miezi 2 hadi 3, kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi. Ya nyuma nayo, ikiumia peke yake, mara nyingi hutibiwa kwa mazoezi. Ya nje ni nadra kuumia peke yake, na ikichanika kabisa mara nyingi huenda chumba cha upasuaji.

Ubishi upo kwenye ile ya mbele. Wengi wanaamini kwamba ikikatika hakuna njia ila kisu. Mwaka 2010 watafiti nchini Sweden walichapisha matokeo ya vijana 121 wenye miaka 18 hadi 35 waliokatika ligamenti hiyo. Nusu walipasuliwa mapema kisha wakafanya mazoezi. Nusu walianza na mazoezi, na mlango wa upasuaji ukaachwa wazi kwa ambaye goti litamshinda. Baada ya miaka miwili hali za makundi yote mawili zilikaribiana, na hata baada ya miaka mitano. Katika kundi lililoanza na mazoezi, kama nusu hatimaye walipasuliwa, na nusu nyingine hawakuhitaji.

Mimi nasoma hivi: miezi mitatu ya mazoezi ya kweli haimpotezei mtu kitu. Ikitosha, umeepuka kisu. Isipotosha, unaingia kwenye upasuaji na paja lenye nguvu. Upasuaji unapata uzito zaidi kama michezo yako ni ya kugeuka na kuruka, kama meniskasi inahitaji kushonwa, au kama goti linaachia hata kwenye shughuli za nyumbani. Hilo la mwisho usilivumilie. Kila goti linapoachia, meniskasi na gegedu vinasagwa.

Kwa nini nimeambiwa nisubiri wiki kadhaa kabla ya upasuaji?

Goti lenye uvimbe na joto likipasuliwa huelekea kukakamaa. Daktari anataka kuona mambo matatu: uvimbe umeshuka, goti linanyooka sawa na la pili, na paja linaamka. Tumia wiki hizo kufanya mazoezi kana kwamba huendi kupasuliwa. Aliyeingia akiwa na nguvu hutoka mapema kuliko aliyeingia kitandani kutokea kitandani.

Ligamenti mpya inatoka wapi?

Iliyokatika kwa kawaida haishonwi, inabadilishwa. Daktari hupitisha kamera kwenye matundu madogo, hutoboa mifereji kwenye mfupa wa paja na wa muundi, kisha hupitisha kipandikizi na kukishikilia kwa skrubu au kifaa kama kifungo.

Kipandikizi hutoka kwenye mwili wako mara nyingi: theluthi ya katikati ya kano iliyo chini ya pia ya goti, kano za misuli ya nyuma ya paja, au kano iliyo juu ya pia ya goti. Ya kwanza hushika mapema kwa sababu hutolewa na vipande vya mfupa ncha zote mbili, ila huacha maumivu ya kupiga magoti kwa baadhi ya watu. Za nyuma ya paja hazisumbui sana mbele, ila utasikia udhaifu unapokunja goti kwa nguvu. Kano ya mtu aliyefariki hutumika pia, lakini kwa vijana wanaorudi michezoni hukatika zaidi. Kama kazi yako ni ya kupiga magoti, mwambie daktari kabla, si baada.

Kwa nini kila mtu ananiambia "nyoosha goti"?

Kwa sababu wanasema kweli, na mimi sikuwasikiliza.

Wagonjwa hushughulika na kukunja. Wanahesabu nyuzi 90, 100, 120, wanasherehekea. Kukunja huja, hata kwa kuchelewa. Kunyooka kukikosekana wiki za mwanzo, kunaweza kugoma kabisa, na nyuzi 5 tu za upungufu zinatosha kukufanya uchechemee. Mguu usionyooka hutembea ukiwa umepinda, paja halipumziki, pia ya goti inabanwa na kuanza kuuma. Baadhi hupata kinundu cha kovu mbele ya kipandikizi, kinachozuia goti lisifike mwisho; hicho mara nyingine huhitaji kurudi kwa daktari kukatwa.

Zoezi lake ni rahisi hadi linaudhi. Kaa au lala, weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino ili goti lining'inie hewani, acha uzito wake ulinyooshe. Dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Linganisha na mguu mzima: lala kifudifudi ukingoni mwa kitanda, magoti yakiwa nje ya godoro, na umwombe mtu aangalie kama visigino viko usawa mmoja. Cha kwangu kilikuwa juu kwa upana wa vidole viwili wiki ya nne. Vidole viwili hivyo vilinigharimu wiki sita.

Paja langu limekwisha, na halisikii amri. Ni kawaida?

Ni kawaida, na si uvivu. Goti likiumia na kuvimba, linatuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kukaza misuli ya mbele ya paja inapunguzwa. Msuli upo, umeme haufiki. Ndiyo maana paja hupungua ndani ya siku chache tu.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, mtaalamu wangu aliingiza kiganja chake chini ya goti langu nikiwa nimelala chali, akasema, "Ponda mkono wangu." Nilikaza meno, nikakunja uso, nikakaza mpaka makalio. Paja lililala tu, kama la mtu mwingine. Akahamisha kiganja kwenye mguu mzima, akaniambia niponde huo kwanza, nione unavyofanya. Kisha turudi kwenye mbovu. Jaribio la saba au la nane, pia ya goti ilisogea juu kwa kiasi cha unene wa kucha. Yeye aliona kabla yangu.

Endelea hivyo: kaza sekunde 5, legeza, rudia mara 10, na ulifanye mara nyingi kwa siku, kila unapokaa. Likishakubali, inua mguu huo mbovu wote ukiwa umenyooka. Goti likipinda wakati wa kuinua, bado hujawa tayari. Rudi kwenye kukaza. Kuna pia mashine ndogo za umeme zinazoamsha msuli kupitia ngozi, na zinasaidia wiki za mwanzo kama unaweza kuzipata.

Natumiaje magongo, na ngazi je?

Ukiwa na gongo moja, lishike upande wa mguu mzima. Karibu kila mtu hukosea hapa. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mbovu hushuka kwanza. Usiyaache magongo kwa sababu umechoka nayo. Yaache siku unapotembea bila kuchechemea. Aliyeshonwa meniskasi afuate maelekezo ya daktari wake, kwani huenda akakatazwa kukanyaga au kukunja sana kwa wiki kadhaa.

Maumivu kiasi gani ni sawa wakati wa mazoezi?

Ukiyapima kwa kumi, hadi tatu au nne yanavumilika, mradi yaishe. Kipimo changu kikubwa ni goti la kesho asubuhi. Likiamka limevimba zaidi au limepoteza mwendo, jana ulizidisha, punguza, usiache. Uvimbe unaorudi kila baada ya mazoezi haupuuzwi hata kama hauumi, kwa sababu ndio unaolilaza paja tena.

Ni mwezi wa tatu, sisikii maumivu hata kidogo. Kwa nini nisicheze?

Hili ndilo swali linalowaumiza watu mara ya pili.

Kipandikizi kinapowekwa ni kano iliyokufa nusu, haina damu yake. Wiki na miezi inayofuata mwili unakivunja na kukijenga upya, chembe mpya zinaingia, mishipa midogo ya damu inaota. Katikati ya kazi hiyo, kwenye wiki ya 6 hadi ya 12 hivi, kinakuwa dhaifu kuliko kilivyowekwa. Na ndio wakati ambao maumivu yameisha, kovu limekauka, umetupa magongo, na rafiki zako wanakuuliza utarudi lini. Kinaendelea kukomaa hadi mwaka na zaidi.

Baiskeli isiyotembea, kuchuchumaa kwa kipimo, kupanda kibao, kusukuma uzito kwa miguu: hivyo vyote vina nafasi mapema. Kukimbia kwa mstari ulionyooka kwa wengi huanza baada ya mwezi wa tatu, kama goti halivimbi na paja limerudisha angalau asilimia 70 hadi 80 ya nguvu. Kugeuka ghafla kunakuja mbali baadaye.

Basi nitarudi mchezoni lini?

Si kabla ya miezi 9, na kalenda peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliowafuatilia wagonjwa wa Norwei ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi, hadi kufika mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Juu ya miezi, kuna vipimo. Nguvu ya paja mguu mbovu ifike asilimia 90 ya mguu mzima. Kuruka kwa mguu mmoja, mara moja, mara tatu mfululizo, kwa kukatiza mstari, na kwa kushindana na saa umbali wa mita 6, nako kufike asilimia 90. Kuna mtego: mguu mzima nao umekaa miezi bila kazi, umedhoofika. Kuwa sawa na mguu uliodhoofika si kupona. Kama una kumbukumbu ya nguvu zako kabla ya kuumia, itumie. Na mtu akuangalie unapotua, kwani unaweza kuruka mbali na bado goti likaangukia ndani.

Wanaolipwa kwa kucheza, wenye madaktari saa zote, hawaharakishi. Beki Mholanzi Virgil van Dijk aliumia ligamenti hiyo ya mbele Oktoba 2020 na mechi yake ya kwanza ya mashindano ilikuwa Agosti 2021. Mchezaji wa Hispania Alexia Putellas aliumia hiyohiyo Julai 2022, akarudi Aprili 2023. Ukisikia jirani aliyerudi kwa miezi minne, muulize tena baada ya miaka miwili.

Goti liko sawa lakini naogopa. Nina kichaa?

Huna. Hofu ya kuumia tena ni miongoni mwa sababu kubwa za watu kutorudi kwenye mchezo wao hata goti likiwa limepona. Kuna maswali maalumu ambayo wataalamu hutumia kuipima, na mtu mwenye hofu kubwa bado hajawa tayari, hata kama amefaulu kuruka.

Kinachosaidia si kuambiwa "jikaze". Rudia mwendo ule uliokuumiza, vipande vipande. Mimi nilianza kwa kutembea na kugeuka polepole kwenye mstari wa chaki. Kisha kwa kasi kidogo. Kisha kwa kukimbia nusu mwendo. Mtu mwingine alisimama mbele yangu mwishoni kabisa, na bado siku ile mikono ilitoka jasho.

Kazi na kuendesha gari?

Kazi ya mezani, wengi hurudi baada ya wiki moja hadi tatu baada ya upasuaji, mguu ukiwa umeinuliwa. Kazi ya kubeba, kupanda na kuchuchumaa ni miezi, mara nyingi minne hadi sita.

Gari: kama ni mguu wa kulia, subiri wiki 4 hadi 6, na uwe umeacha magongo na dawa kali za maumivu. Kabla ya barabara, kaa kwenye kiti gari likiwa limezimwa na ukanyage breki kwa nguvu kama umeona mtoto. Ukisita, bado. Mguu wa kushoto kwenye gari la otomatiki huwahi zaidi.

Goti linalia, na pembeni mwa kovu pamekufa ganzi. Nianze kuhofia?

Mlio usio na maumivu wala uvimbe, uache. Ganzi upande wa nje wa kovu hutokana na tawi dogo la neva ya ngozi linalokatwa wakati wa upasuaji. Eneo lake hupungua kwa miezi, kwa wengine kipande hubaki. Halipunguzi nguvu.

Dalili gani baada ya upasuaji hazisubiri kesho?

Homa pamoja na goti jekundu, la moto, linalouma zaidi badala ya kupungua, au usaha kwenye kidonda: huenda ni maambukizi ndani ya goti. Shavu la mguu kuuma, kukaza na kuvimba upande mmoja: huenda damu imeganda kwenye mshipa. Kifua kubana au pumzi kukatika ghafla: huenda donge limefika kwenye mapafu. Kwa yote haya nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Nivae kifaa cha kushikilia goti milele?

Kwa ligamenti ya pembeni iliyochanika, kifaa ni sehemu ya tiba. Baada ya upasuaji wa ya mbele, madaktari wanatofautiana, na ushahidi kwamba kinazuia kukatika tena ni mdogo. Kikikupa moyo, kivae. Kisikupe sababu ya kuruka mazoezi ya paja.

Nitapata ugonjwa wa kuchakaa kwa goti uzeeni?

Hatari inaongezeka, na upasuaji hauifuti. Takriban nusu ya watu waliokatika ligamenti ya mbele huonyesha dalili za kuchakaa miaka 10 hadi 20 baadaye, hasa wale ambao meniskasi nayo iliumia. Wengine picha inaonyesha uchakavu na wao hawasikii kitu. Uzito wa mwili, nguvu ya paja na kutorudia jeraha ndivyo vilivyo mikononi mwako.

Nifanye nini lisichanike tena, au lisichanike la pili?

Chukulia hatari hiyo kwa uzito. Kati ya wanamichezo wenye umri chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye mchezo, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena, goti lilelile au la upande wa pili. Wanawake huumia ligamenti ya mbele mara nyingi kuliko wanaume wanaocheza mchezo uleule.

Kuna mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, ya dakika 20 hivi, ambayo yamejaribiwa kwa maelfu ya wachezaji na kupunguza majeraha. Yana kukimbia, kuimarisha nyonga na nyuma ya paja, kusimama mguu mmoja, na kutua vizuri. Siri yake ni kuyafanya angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Ukiyaacha, faida nayo inaondoka. Unapotua, goti likunjike na lielekee vidole, lisiingie ndani. Tua kimya, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Niliumia miaka miwili iliyopita na sikutibiwa. Nimechelewa?

Kwa mazoezi, hapana. Paja hujengeka hata baada ya miaka. Kwa upasuaji, bado inawezekana, ila daktari atataka kuona meniskasi na gegedu vimebaki katika hali gani, na hapo MRI ina maana. Nenda na majibu ya maswali matatu: linaachia mara ngapi kwa mwezi, linavimba baada ya shughuli gani, na linanyooka sawa na la pili au la. Hilo la tatu lipime leo usiku kwenye kitanda, kifudifudi, magoti yakiwa nje ya godoro.